Viishio vya vivumishi vya Kijerumani: ukariri majedwali, ufuate alama, au umeze misemo?

Ukurasa unaochakaa upesi kuliko yote katika kitabu cha Kijerumani cha A2 au B1, yaani cha ngazi ya msingi au ya kati, ni ule wenye majedwali matatu ya viishio vya vivumishi. Kila jedwali lina visanduku 16: hali nne za nomino, zikipangwa kwa jinsia tatu na wingi. Jumla ni visanduku 48, na mle ndani vinazunguka viishio vitano tu: -e, -en, -er, -es na -em. Kivumishi kikija baada ya kitenzi hakina matata: *Das Auto ist neu*, gari ni jipya, basi. Matata huanza kikitangulia nomino: *das neue Auto*, *ein neues Auto*, *mit dem neuen Auto*, *neue Autos*. Gari ni lilelile, upya ni uleule, mkia unabadilika.

Watu hulikabili jambo hili kwa njia tatu. Wapo wanaokariri majedwali yote matatu. Wapo wanaofuata kanuni moja, ambayo hapa nitaiita kanuni ya alama. Na wapo wanaoipa sarufi kisogo na kumeza misemo mizima kama ilivyo. Nimezipitia zote, tena kwa mpangilio mbaya, nikapoteza karibu mwaka mzima kwenye ile ya kwanza. Sitaficha upendeleo wangu: kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili, naona kanuni ya alama ndiyo ya kuanzia. Lakini kuna watu ambao ningewaambia waanzie kwingine, nao nitawataja.

## Artikeli kwanza

Njia yoyote utakayoichagua, jedwali hili dogo la artikeli, yale maneno mafupi yanayotangulia nomino, halikwepeki. Kama bado hujalishika, lishike leo, urudi hapa kesho.

| | kiume | kike | jinsia ya tatu | wingi |
|---|---|---|---|---|
| nominativu | der | die | das | die |
| akusativu | den | die | das | die |
| dativu | dem | der | dem | den |
| genitivu | des | der | des | der |

Waliosoma sarufi ya Kiswahili katika sekondari za Kenya wana mtaji hapa, kwa sababu walishachambua sentensi kwa shamirisho kipozi na shamirisho kitondo. "Mama alimpikia mgeni chai": chai ni kipozi, mgeni ni kitondo. Kwa Kijerumani, chai ingeingia akusativu na mgeni angeingia dativu, huku mama, aliye mtenda, akibaki nominativu. Genitivu hufanya kazi ya a-unganifu: *das Haus des alten Mannes*, nyumba ya yule mzee. Juu ya hayo kuna vihusishi vyenye amri zao. *Mit*, *bei*, *von*, *zu*, *aus* na *nach* hudai dativu siku zote. *Für*, *ohne*, *durch*, *gegen* na *um* hudai akusativu.

Sasa tazama herufi ya mwisho ya kila artikeli: r, e, s, n, m. Habari yenyewe iko hapo. Hiyo d ya mbele ni mpini tu wa kushikia.

## Majedwali matatu

Vitabu huyaita dhaifu, mchanganyiko na imara. Majina ya "dhaifu" na "imara" tumeachiwa na Jacob Grimm, yuleyule wa ngano za Grimm, ambaye kazi yake hasa ilikuwa utaalamu wa lugha. Jedwali dhaifu hutumika baada ya *der, die, das* na jamaa zao: *dieser, jeder, welcher*, na *alle* katika wingi. Mchanganyiko hutumika baada ya *ein*, *kein* na vimilikishi kama *mein, sein, unser*. Imara hutumika pasipo na kitu mbele.

Ubaya wa majedwali ni jinsi yanavyofundishwa, kana kwamba ni milima mitatu tofauti. Si kweli. Katika jedwali dhaifu kuna -e kwenye visanduku vitano tu. Vingine 11 vyote ni -en. Hivyo vitano hukaa pamoja: kiume, kike na jinsia ya tatu kwenye mstari wa nominativu, kisha kike na jinsia ya tatu chini yake kwenye akusativu. Ukivizungushia kalamu unapata kikaango chenye mpini upande wa kushoto. Umbo hilo ukilichora mara mbili, halikutoki kichwani.

Jedwali la mchanganyiko linatofautiana na hilo kwa visanduku vitatu: *ein alter Mann* kwa nominativu ya kiume, na *ein neues Auto* kwa nominativu na akusativu ya jinsia ya tatu. Vingine vyote ni vilevile. Jedwali imara nalo ni ile artikeli uliyoikariri tayari, imekatwa mpini na kubandikwa kwenye kivumishi: *der* inatoa *kalter Kaffee*, *das* inatoa *kaltes Wasser*, *dem* inatoa *mit kaltem Wasser*. Pamekengeuka mahali pawili, genitivu ya kiume na ya jinsia ya tatu, ambapo badala ya -es kuna -en. Kwa hiyo anayekariri visanduku 48 kwa kweli anabeba kikaango kimoja, marekebisho matatu na ukengeufu wa sehemu mbili. Nilivyofundishwa mimi, hilo halikusemwa, nikavibeba vyote 48 kama tofali.

Faida ya majedwali ni uhakika. Ukiwa umekaa mezani, una kalamu na dakika za kutosha, jedwali halikudanganyi. Hata ukibahatisha -en kila mahali, umepata visanduku 26 kati ya 48, ingawa katika mazungumzo visanduku havitumiki kwa kiasi sawa.

Hasara yake utaiona dukani. Miezi ya mwanzo nilisimama mbele ya muuza mikate nikitaka mkate wa leo, *ein frisches Brot*. Kichwani nikaanza: *Brot* ni *das*, *ich möchte* inadai akusativu, mbele kuna *ein*, kwa hiyo jedwali la pili, mstari wa pili, safu ya tatu... Yule mama akadhani bado sijaamua, akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu.

## Kanuni ya alama

Kanuni inasema hivi: katika kila kikundi cha nomino, alama ya jinsia na hali ionekane. Neno la mbele likiibeba, kivumishi kinapumzika. Kama hakuna aliyeibeba, kivumishi kinaitwa kuibeba.

*Dieses gute Buch*: alama s iko kwenye *dieses*, kwa hiyo *gute* imepumzika. *Ein gutes Buch*: *ein* imekuja mikono mitupu, basi *gutes* ikabeba s. *Gutes Brot*: hakuna neno mbele, kivumishi kinabeba. *Mit dem guten Freund*: m iko kwenye *dem*, kivumishi kinapumzika. *Mit gutem Wein*: hakuna artikeli, m ikahamia kwenye kivumishi. Ukielewa mifano hiyo mitano umeielewa kanuni, kilichobaki ni mazoezi.

Kupumzika nako kuna sare mbili, -e na -en. Nomino ikiwa ya umoja na artikeli ikiwa bado katika sura yake ya kamusi, sare ni -e: *der alte Mann*, *die junge Frau*, *eine junge Frau*, *das kleine Kind*. Artikeli ikishageuka, au nomino ikiwa ya wingi, sare ni -en: *den alten Mann*, *dem kleinen Kind*, *die jungen Frauen*. Kuwa macho na *der*. Katika *mit der jungen Frau* inaonekana kama ile *der* ya kiume uliyoizoea, lakini *Frau* kwenye kamusi ni *die*, kwa hiyo hapo artikeli imegeuka na sare ni -en. Kwenye kosa hili nilikaa sana.

Sasa nieleze kwa nini naipigia debe kwa Waswahili hasa. Sisi hatuhitaji kushawishiwa kwamba kivumishi humfuata bwana wake. Tumezaliwa ndani ya upatanisho wa ngeli. "Kitabu kile kizuri kimepotea": ki- imetajwa mara nne, na hakuna aliyechoka. Mwingereza anayejifunza Kijerumani huanza kwa kushangaa kivumishi kina mkia wa nini; sisi tungeshangaa kama kisingekuwa na kitu.

Tena hata wazo la hali si geni kwetu kama tunavyodhani. Tunasema "nyumba yangu", lakini nyumba ikishachukua -ni ya mahali, hatusemi "nyumbani yangu", tunasema "nyumbani kwangu". Nomino imeingia katika hali nyingine, na neno linaloandamana nayo limebadili vazi. *Mein Haus*, *in meinem Haus*. Ukimwonyesha hivyo mwanafunzi wa Tanga au Mombasa, dativu inapoteza nusu ya ugeni wake.

Upatanisho wetu huohuo ndio unaotupoteza. Kiswahili hurudia alama kwenye kila neno. Kijerumani hubana matumizi. Sikio la Kiswahili likishasikia *dieses* linataka na kivumishi kivae s, ndipo mtu anasema *dieses gutes Buch* au *mit dem gutem Freund*. Makosa hayo yana mantiki kamili, ila ni mantiki ya kwetu. Kwa anayetoka kwenye ngeli, nusu ya kazi ya kanuni ya alama ni kumfundisha kunyamaza: imeshasemwa, usirudie.

Hata ule ukengeufu wa genitivu unaeleweka kwa jicho hili. *Trotz schlechten Wetters*, licha ya hali mbaya ya hewa: kwa nini si *schlechtes*? Kwa sababu nomino yenyewe, *Wetters*, imeshabeba s mwishoni. Alama ipo, kivumishi kinapumzika.

Kuna mtego mmoja ambao kanuni inauvunja vizuri kuliko jedwali. *Dieser alte Nachbar*, lakini *unser alter Nachbar*. Maneno yote mawili yanaishia na -er, kwa nini moja limebeba alama na jingine halikubeba? Yapeleke kwenye jinsia ya kike: *diese*, *unsere*. Kwenye *diese* ile -er imetoweka, kumbe ilikuwa kiishio. Kwenye *unsere* bado ipo, kumbe ni sehemu ya mzizi. *Unser* iko mikono mitupu sawa na *mein*, kwa hiyo kivumishi kinaitwa kazini.

Kanuni ina tundu, na lijulikane mapema. *Alle guten Freunde* inaitii: *alle* imebeba alama, kivumishi kimepumzika. Lakini *viele gute Freunde* haiitii. *Viele* ina -e yake, na bado *gute* imebeba -e vilevile. Ndivyo ilivyo pia kwa *einige*, *mehrere* na *wenige*. Sababu ni kwamba maneno haya huhesabiwa kuwa vivumishi, na vivumishi viwili vikifuatana huvaa sare moja, kama *ein schöner, großer Garten*. Lakini ukiwa katikati ya mazungumzo maelezo hayo hayakusaidii. Orodha hiyo ya maneno manne ni ya kukariri tu.

## Misemo ya kumeza

Njia ya tatu umeshaianza bila kujua, tangu siku ya kwanza. *Guten Morgen*, *Guten Tag*, *Gute Nacht*. Kwa nini *guten* asubuhi na *gute* usiku? Kwa sababu *Morgen* ni ya kiume, *Nacht* ni ya kike, na nyuma ya salamu hizo kuna sentensi iliyokatwa: nakutakia asubuhi njema, kwa akusativu. *Schönes Wochenende* ni jinsia ya tatu. *Vielen Dank* na *Herzlichen Glückwunsch* ni za kiume. *Mit freundlichen Grüßen* mwishoni mwa barua ni dativu ya wingi. *Bei schlechtem Wetter*, *aus gutem Grund*, *nach langer Zeit*: zote ni dativu isiyo na artikeli. Ukichukua *letzten Montag*, *letzte Woche* na *letztes Jahr*, tayari una akusativu imara ya jinsia zote tatu, tena kwa maneno utakayoyatumia kila wiki.

Uzuri wa njia hii ni kasi. Msemo hutoka wote kwa mkupuo, kama methali, hakuna anayetafuta kisanduku. Kwa mtu aliye kazini haina mpinzani. Chukua mfano wa wodini. *Die Patientin hat hohen Blutdruck*, mgonjwa ana presha ya juu. *Sie hat hohes Fieber*, ana homa kali. *Sie hat starke Schmerzen*, ana maumivu makali. Muuguzi aliyemeza sentensi hizo tatu anaweza kukabidhi zamu bila kuwaza kwamba ametumia kiume, jinsia ya tatu na wingi, na bila kujua kwamba *hoch* hupoteza c yake ikipata mkia.

Kasoro yake ni kwamba msemo ni kama ufunguo wa mlango mmoja. Badilisha nomino, umekwama. Nilikuwa nimemeza *Lieber Herr* fulani kutokana na barua moja niliyoipenda. Siku nilipotakiwa kumwandikia mwenye nyumba, ambaye ni mwanamke, nikabadilisha jina na cheo, mkia nikauacha: *Lieber Frau* na jina lake. Alijibu kwa upole, akasaini kwa kuandika Frau mbele ya jina, nikaelewa. Ilitakiwa *Liebe Frau*. Msemo ulinipa mwendo, lakini haukuniambia kwa nini ulikuwa vile.

## Sentensi moja, njia tatu

Tuchukue sentensi iliyo na kazi kidogo: duka letu dogo hufungwa mvua kubwa ikinyesha. *Bei starkem Regen bleibt unser kleiner Laden geschlossen.*

Mwenye majedwali ataanza na *Regen*, ya kiume. *Bei* inadai dativu. Hakuna artikeli, basi jedwali imara, mstari wa dativu, -em. Kisha *Laden*, ya kiume. Ndiyo mtenda, nominativu. Mbele kuna *unser*, jedwali la mchanganyiko, -er. Amepata zote mbili, ila amepanda ngazi mbili na kushuka mbili.

Mwenye kanuni atauliza swali moja mara mbili. Nani amebeba m ya *dem*? Hakuna, basi *starkem*. Nani amebeba r ya *der*? *Unser* hajabeba kitu, basi *kleiner*.

Aliyemeza misemo atapita nusu ya kwanza kama upepo, kwa sababu *bei starkem Regen* husikika kila siku kwenye utabiri wa hewa. Nusu ya pili itategemea bahati. Kama aliwahi kumeza *mein kleiner Bruder*, mdogo wangu wa kiume, huenda sikio likamvusha. Kama alichonacho ni *unsere kleine Wohnung* tu, atasema *unser kleine Laden*, na hatajua amekosea wapi.

Ukileta sentensi rahisi kama *Ich spreche mit den neuen Nachbarn*, njia zote tatu zinafika pamoja. Dativu ya wingi ni -en popote pale, iwe na artikeli au isiwe nayo. Wala usipoteze muda wa kulinganisha hapo.

## Nani achukue ipi

Anza na mtihani, kwa sababu mitihani haifanani. Ule wa B1 wa telc, mojawapo ya taasisi zinazotunga mitihani ya Kijerumani, una sehemu iitwayo Sprachbausteine, ya kujaza mapengo kwa kuchagua majibu, na mapengo ndiyo mahali jedwali linapolipa. Ukiwa na wiki sita kabla ya telc, chora kikaango, ongeza marekebisho matatu, fanya mazoezi ya mapengo usiku na mchana, sitakucheka. Mtihani wa B1 wa Taasisi ya Goethe hauna sehemu ya sarufi peke yake. Una kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Mikia yako itaonekana kwenye barua pepe utakayoandika na kwenye mazungumzo na mwenzako, si kwenye mapengo. Huko kanuni ya alama pamoja na misemo kumi au kumi na mitano ya barua itakufikisha mbali kuliko jedwali.

Anayekwenda kufanya kazi, au tayari yuko kazini, iwe ya uuguzi, hotelini au kulea watoto, ameze misemo ya kazi yake kwanza. Asione haya. Apewe sentensi 30 anazozihitaji kila siku, azitamke mpaka ulimi uzizoee, kisha kanuni ije kuzieleza. Nimeona watu wakifanya kinyume, wakifika kazini na majedwali kichwani na midomo imefungwa.

Anayejifunza peke yake jioni baada ya kazi, bila tarehe ya mtihani shingoni, aende moja kwa moja kwenye kanuni. Haina mengi ya kukumbuka na haisahauliki ukiiacha wiki mbili. Jedwali ukiliacha wiki mbili unarudi mwanzo.

Na mwenye nia ya kutafsiri au kufundisha hana cha kuchagua, atazibeba zote tatu.

Kuna jambo lingine la kukupunguzia wasiwasi. Katika mazungumzo ya haraka, Wajerumani wenyewe humeza sauti za mwisho, na tofauti ya -em na -en mara nyingi haisikiki sawasawa. Ukisema *mit starken Regen* badala ya *starkem*, wengi hawatageuka. Lakini *ein guter Buch* au *ein alte Mann* hugonga sikio hapohapo, kwa sababu pale baada ya *ein* ndipo msikilizaji anaposubiri kuambiwa jinsia. Kama huna nguvu ya kurekebisha yote, rekebisha vile visanduku vitatu vya marekebisho kwanza.

## Ambapo zote tatu zinakwama

Hakuna njia itakayomsaidia asiyejua kwamba *Tisch* ni *der* na *Lampe* ni *die*. Jedwali litampa safu isiyo yake, kanuni itampa alama isiyo yake. Baadhi ya maneno hujitaja yenyewe: yanayoishia -ung, -heit, -keit na -schaft ni ya kike, yanayoishia -chen ni ya jinsia ya tatu, hata *das Mädchen*, ambaye ni msichana. Mengine yanakaririwa na artikeli yake, kama mtoto wa Mswahili anavyojua kwamba ni "mti huu" na "jiwe hili" bila kuulizwa ngeli.

Kisha kuna nomino zinazobadilika zenyewe. *Der neue Kollege*, lakini *den neuen Kollegen*. *Der junge Student*, *dem jungen Studenten*. Unaweza kupatia kivumishi na ukakosea nomino. Na kuna vivumishi vilivyogeuka nomino ila havijaacha tabia ya uvumishi: *der Angestellte* lakini *ein Angestellter*, mfanyakazi huyohuyo. Hapo kanuni ya alama inafanya kazi kama kawaida, ilimradi ukumbuke kwamba nomino hiyo ilikuwa kivumishi.

Afadhali vipo visivyovaa kitu. *Rosa*, *lila* na *prima* hubaki vilevile popote, kama sisi tunavyosema mtu safi, kitu safi na mahali safi. Kila lugha ina wageni wake walioruhusiwa kuingia bila sare.

Kama unataka kujaribu leo, chukua kitu kimoja kilicho chumbani mwako na ukipitishe kwenye njia uliyoichagua. Mimi nilianza na feni iliyokuwa ikipiga kelele juu ya kitanda. *Der Ventilator*, ya kiume, ambayo ni bahati, kwa sababu kiume ndicho kinachobadilika zaidi. *Ich habe einen alten Ventilator. Mein alter Ventilator ist laut. Mit diesem alten Ventilator kann ich nicht schlafen.* Na wiki iliyofuata, kwenye karatasi niliyoibandika mlangoni, bila artikeli, r ikiwa imebebwa mahali pake: *Alter Ventilator zu verkaufen.*